Bewegung: Mwaka Niliojifunza Upya Kusogea

Naandika haya kwa ajili yako uliyelala sasa wodini, daktari amesimama miguuni pako anakuambia usogeze vidole, na wewe umeshavisogeza kwa nguvu zako zote ila havijasogea. Mimi nilikuwa hapo. Sitakueleza ugonjwa wenyewe unaingiaje mwilini wala jina lake refu, hayo utaambiwa na wanaoyajua. Nitakueleza yaliyotupata mimi na watu wangu. Mengine yaliisha vizuri, mengine hayakuisha vizuri.

Naitwa Anaeli. Ninafundisha Kijerumani kwa waongoza watalii hapa Arusha, na wakati ule darasa langu lilikuwa chumba cha ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi la familia moja ya Kihindi iliyoko mjini tangu enzi za babu zao. Wanafunzi wangu ni watu wazima. Wanakuja asubuhi wakiwa na buti zenye vumbi la mlima, wanakaa kwenye viti vya plastiki na kurudia maneno baada yangu kama watoto wa shule ya Jumapili.

Ilikuwa mwanzoni mwa baridi, mvua za masika zimekatika, na Mlima Meru ulikuwa umejifunika mawingu wiki nzima. Lomayani, mmoja wa wanafunzi wangu, ambaye kazi yake ni kupandisha wageni mlimani, alikuja na swali. Mgeni wake mmoja alimwambia njiani kwamba amekuja Afrika kutafuta Bewegung. Lomayani alitazama kamusi akakuta maana nyingi, akashindwa kujua mgeni anatafuta mazoezi, siasa au mchumba.

Darasa zima lilicheka. Mimi nikafurahi, maana hayo ndiyo maswali niliyoyapenda. Nikaandika neno ubaoni. Nikawaambia mwalimu wa fizikia akilitumia anasema mwendo, jiwe linaporomoka au gari linakwenda. Daktari akilitumia anasema kusogea kwa kiungo, goti kukunjwa, mkono kuinuliwa. Mwanasiasa anasema vuguvugu au harakati, watu wengi wameinuka pamoja kwa sababu moja. Na mtu anayezungumza mambo ya moyo anasema kuguswa, umesikia jambo na ndani yako kitu kimeondoka mahali pake. Wajerumani wana neno moja, sisi tuna mengi, nikasema, kwa hiyo msikilizeni mgeni kwanza kabla hamjamjibu.

Nilisema yote hayo nikiwa nimeegemea meza. Tangu alfajiri nyayo zangu zilikuwa na ganzi, kama nimevaa soksi nzito juu ya soksi. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimeharisha vibaya nikapona, nikadhani ni uchovu uliobaki.

Kipindi kilipokwisha nikaanza kushuka ngazi na mguu wa kulia ukakataa kunibeba. Sikuteleza. Nilikaa tu, taratibu, kama mtu aliyeamua kupumzika kwenye ngazi. Nilipotaka kuinuka, hakukuwa na cha kuinukia. Lomayani na mwenye duka walinibeba wakaniweka kwenye kiti kati ya mapipa ya rangi, wakampigia mume wangu.

Mume wangu, Godlisten, ni dereva wa magari ya utalii. Siku hiyo kwa bahati hakuwa porini. Alinifikisha hospitali, na pale tukaanza kungoja. Ugonjwa huu, kabla haujawa kitu kingine chochote, ni kungoja kwenye benchi. Ukiwa kwenye mabenchi hayo unajifunza sura za watu na kikohozi chao, unajua nani amekuja na chapati na nani hajala. Daktari wa kwanza alisema ni upungufu wa madini. Tulirudi nyumbani Sekei. Kesho yake mikono ilianza kuangusha vikombe, tukarudi kwenye benchi.

Nikalazwa. Walinichoma sindano mgongoni wakatoa maji ya kupima. Daktari mmoja, mtu wa maneno machache, akatuambia kwamba mishipa ya fahamu imeshambuliwa, kwamba hali itazidi kuwa mbaya kabla haijawa nafuu, na kwamba wengi hupona. Godlisten aliuliza "wengi" maana yake nini. Daktari alimtazama akasema, "Maana yake si wote, ndugu yangu." Nilimshukuru kwa hilo, ingawa siku ile nililia.

Udhaifu ulipanda kama maji shambani. Magoti, kiuno, mikono, halafu uso. Kope zikakataa kufumba, wauguzi wakawa wananibandika plasta nilale. Kifua kilipochoka walinihamishia chumba cha mashine, na siku za huko siwezi kuzipanga. Nakumbuka dari na mlio. Nakumbuka inzi aliyetua puani akatembea hadi kwenye mdomo, na mimi nikiwa na akili zangu zote sikuwa na njia ya kumfukuza. Kama una mgonjwa wa aina hii, mkune pua bila kuulizwa. Ni kitu kidogo, lakini mimi hadi leo namkumbuka kila aliyenifanyia.

Mdogo wangu, Eliamani, ndiye aliyekuwa akija kila siku. Hajaolewa, alikuwa anakaa na Baba nyumbani kwetu upande wa Tengeru, na kila asubuhi aliacha ng'ombe na migomba akaja kunigeuza, kunipaka mafuta, kunisafisha. Mama alishafariki zamani. Msimu wa wageni ulipopamba moto Godlisten alilazimika kurudi porini, kwa hiyo mzigo wote ulimwangukia Eliamani. Shangazi yetu alikuja akasema huu si ugonjwa wa hospitali, kuna mganga mtaa wa Kwa Mrombo anayejua mambo haya, nitolewe nipelekwe. Godlisten alikuwa radhi. Nilimwona machoni, mtu aliyechoka hukubali njia yoyote. Eliamani alisimama mlangoni mwa wodi akamwambia shemeji yake kwamba anayetaka kunitoa aje na watu wa kumtoa yeye kwanza. Kwa muda mrefu baada ya hapo hawakusemeshana, na mimi niliyekuwa katikati yao sikuwa hata na sauti ya kuwapatanisha.

Binti yangu, Neema, alikuwa darasa la tatu. Mara ya kwanza kuletwa alisimama mbali na kitanda. Uso wangu ulikuwa umekufa, sikuweza kutabasamu, na mtoto anamjua mama yake kwa uso. Alimuuliza Eliamani kwa sauti ya chini kama mimi ndiye. Nilisikia. Sikuwa na la kufanya na uso ule.

Baada ya dripu za dawa kuisha hali iliacha kushuka. Ilikaa palepale, siku nyingi, bila kushuka wala kupanda. Halafu mabega yakaanza. Wakanirudisha wodini, na mtaalamu wa mazoezi, dada mmoja anayeitwa Upendo, akaanza kuja kila asubuhi. Alikunja mguu wangu akaunyoosha, akakunja akaunyoosha. Ukutani kwenye chumba chake kulikuwa na picha za mazoezi zilizoletwa na wafadhili wa Kijerumani, na juu ya picha hizo neno kwa herufi kubwa: Bewegung. Alinikuta nalitazama, akaniuliza linasemaje, maana amelitazama miaka bila kulijua. Nikataka kumweleza kama nilivyoeleza darasani, mwendo, vuguvugu, kuguswa. Ulimi ulikuwa bado mzito. Nikasema, "Kusogea." Upendo akasema vizuri, basi tusogee.

Baba alikuja kuniona siku ya Jumamosi, amevaa koti lake la kanisani. Mwalimu Elieza, ndivyo alivyoitwa na kila mtu, ingawa hakufundisha shule bali kwaya. Alifundisha kwaya ya usharika wetu tangu nikiwa mgongoni mwa Mama. Nilimwamkia shikamoo kwa mdomo uliopinda, akaitikia marahaba kama kawaida, akavuta kiti. Eliamani alikuwa amepika loshoro, mahindi na maziwa mgando, na Baba akaninywesha kwa kijiko. Ilimwagika shingoni. Alipangusa kwa leso yake na kuendelea.

Nilimsimulia habari ya Lomayani na lile neno. Alicheka, kisha akaniuliza kama niliwaambia maana ya wanamuziki. Nikasema hapana. Akasema mchungaji wa Kijerumani aliyemfundisha noti ujanani alikuwa na neno lake, Gegenbewegung. Ni pale sauti mbili zinapokwenda kinyume, soprano inapanda na besi inashuka, katika kipande kilekile cha wimbo.

"Waimbaji wapya wanadhani wamekosea," alisema. "Wanataka kumfuata mwenzao. Unawaambia, mwache aende zake. Kila mtu na njia yake, wimbo ni mmoja."

Nilimwambia nitaliongeza kwenye somo nikirudi darasani. Akasema ndiyo, somo langu lilikuwa halijakamilika. Alipoinuka kuondoka alishika chuma cha kitanda akapumzika, na viatu vyake niliviona havijafungwa kamba. Miguu ilikuwa imevimba haiingii. Niliuliza, Eliamani akajibu haraka kwamba ni joto. Ilikuwa baridi ya Julai.

Nikapanda. Siku vidole vilipokubali kushika kijiko, siku nilipokaa mwenyewe kwenye ukingo wa kitanda, Upendo alipiga makofi. Mwili niliokuwa nao haukuwa wangu. Mapaja yalikuwa yamekwisha, pete ya ndoa ilizunguka hadi Eliamani akaifunga kwenye ncha ya khanga yake. Nywele zilitoka kwa mafungu. Usiogope kioo, ila usikitafute mapema. Mvua za vuli zilipoanza nilikuwa nasimama kati ya vyuma viwili vya mazoezi, nimevishikilia, natetemeka kama ndama. Nilihesabiwa kuwa mgonjwa wa kupigiwa mfano.

Wakati ule ule Eliamani alikuwa anapungua kuja. Alikuja na macho mekundu, akakaa kidogo akaondoka. Niliona amenichoka, na moyoni nikamwekea kinyongo. Godlisten nilimuuliza, akasema shamba lina kazi. Hatimaye siku moja tulikaa kwenye benchi nje ya chumba cha mazoezi, mvua inapiga mabati, na Eliamani akashindwa kuendelea kubeba siri aliyokuwa nayo.

"Dada, Baba hainuki tena," alisema. "Ni moyo. Tangu ulipolazwa alikuwa anaumwa. Alinikataza kukuambia hadi utembee."

Nikamwambia sitatembea mapema kiasi hicho, kwa hiyo nipelekwe hivyo hivyo.

Daktari hakupenda, ila aliniruhusu kwa siku moja. Godlisten alikuja na gari la kazini. Yeye na Eliamani walikuwa bado na lile la Kwa Mrombo kati yao, lakini waliniinua pamoja, mmoja kwapani na mwingine magotini, na nikawasikia wakisemeshana, shika hapa, taratibu, haya. Ndivyo walivyopatana. Hakuna aliyemwomba mwenzake radhi.

Baba alikuwa chumbani kwake amelazwa juu ya mito mingi kwa sababu ya pumzi. Kiti changu cha magurudumu hakikupita mlangoni. Tukabaki hivyo, mimi ukumbini na yeye kitandani, tunatazamana, hakuna anayeweza kumfuata mwenzake. Godlisten akaniinua bila kuuliza akanilaza kitandani ubavuni mwa Baba. Sikuwa nimelala karibu na baba yangu tangu utoto. Alikuwa mwepesi na alinuka dawa ya kuchua.

Aliniambia, "Sogeza mguu nione."

Nikasogeza. Vidole vya mguu wa kushoto vilikunjika, kifundo kikainuka kidogo chini ya blanketi. Alitazama blanketi likipanda na kushuka. Akaniomba nirudie. Nikarudia.

"Inatosha," alisema.

Hatukuzungumza mengi zaidi. Alitaka kujua Neema anaimba sauti gani. Alitaka Eliamani apumzike. Jioni walinirudisha hospitali, na kabla mwezi haujaandama tena walinipigia simu kwamba Mwalimu Elieza amepumzika.

Nataka nikuambie kuhusu mazishi, kwa sababu wagonjwa wenzangu wengi huniuliza kama ni sawa kwenda kwenye jambo zito katika hali ile. Nenda. Utaumia, lakini nenda. Kaburi lilichimbwa katikati ya migomba, kama ilivyo desturi yetu Wameru, na mvua ya usiku ilikuwa imelainisha udongo. Magurudumu yalizama. Wanaume wanne wa kwaya, watu wazima waliofundishwa na Baba tangu wakiwa vijana, waliweka vitabu vyao vya nyimbo chini ya makoti, wakanyanyua kiti na mimi ndani yake, wakanipeleka hadi ukingoni.

Mzee wa ukoo aliposoma wasifu alieleza jinsi Baba, akiwa mtoto mdogo, alivyotembea nyuma ya ng'ombe wa babu siku Wameru walipoondolewa na serikali ya kikoloni kwenye ardhi yao kaskazini mwa mlima, na jinsi watu walivyojikusanya baadaye kudai haki yao. Alitumia neno harakati. Nilikuwa nimelifundisha neno hilo miaka yote, nimeliandika ubaoni upande wa siasa, na sikuwahi kumuuliza baba yangu alikuwa wapi. Sasa ilikuwa imeshindikana.

Kwaya ikaimba. Waliimba ule wa kuagana, kwa sauti nne, na mahali fulani katikati besi zilianza kushuka huku wanawake wakipanda, na nikamkuta Baba pale, kana kwamba amesimama mbele yao na mkono wake hewani. Nilitaka kusimama. Watu wote walikuwa wamesimama. Nilisukuma mikono ya kiti, miguu ikatetemeka, nikarudi chini. Eliamani aliweka mkono begani mwangu kunizuia nisijaribu tena.

Ilipofika zamu ya watoto wa marehemu kutupa udongo, vidole vyangu vilikuwa bado havifumbi barabara. Udongo ulipita katikati yavyo. Neema, ambaye alikuwa bado ananiogopa kidogo, aliona. Aliokota bonge lingine la tope, akaliweka kiganjani mwangu, akafunika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akauinamisha juu ya kaburi. Bonge lilianguka. Hakuuachia mkono wangu. Alibaki ameushika hadi watu walipoanza kuweka maua, na hiyo ndiyo siku mtoto wangu aliponirudia.

Nilitoka hospitali kabla ya Krismasi. Natembea sasa. Mguu wa kulia haukurudi wote, unaburura ncha, na ndani ya kiatu nina kifaa cha plastiki kinachoshikilia kifundo. Nikipanda kilima cha Sekei napumzika mara kadhaa, na wanaonijua wanajifanya hawanioni, na hiyo ni heshima. Nimehamishia darasa chini. Mwenye duka alitoa mapipa ya rangi kwenye stoo yake ya nyuma akasema ghorofani niwaachie njiwa. Lomayani alileta wanafunzi wapya. Wakifika kwenye neno lile ninawafundisha maana ya wanamuziki, na siwaambii nimeitoa wapi.

Kuna ambayo sikuyapata tena. Nilipotoka hospitali Godlisten aliniosha miezi mingi, na tangu hapo kuna aibu kati yetu ambayo hatujaimaliza. Tunaishi vizuri, tunacheka, lakini wakati mwingine ananishika kama mtu anayemgeuza mgonjwa. Labda itaondoka. Nakuambia ili ikikupata usidhani ni ninyi peke yenu. Na kuimba nimeshindwa. Pumzi imerudi, sauti imerudi, ila kanisani wimbo ukianza mimi nafungua kitabu na kusoma tu.

Mwezi uliopita Eliamani alikuja kushinda kwetu. Alikuja na parachichi na maziwa, na kabla hajaketi alishaanza kuulizia nguo chafu ziko wapi. Nikamwona. Kwa mwaka mzima na zaidi nilikuwa nimemtazama kutokea kitandani, kutokea kwenye kiti, daima yeye amesimama na mimi nimelala, na sikuwa nimeona jinsi alivyokonda, jinsi mabega yalivyoshuka, jinsi nywele za mbele zilivyokuwa na mvi, yeye mdogo wangu. Alimuuguza Baba akafa mikononi mwake, akaniuguza mimi nikapona, na hakuna aliyempa pole kwa kuwa hakulala kitanda chochote.

Nikamwambia akae. Akasema kidogo tu, amalize hizi. Nikamwambia tena, "Eliamani, kaa chini."

Akakaa kwenye kigoda barazani. Nikaingia jikoni, nikachemsha chai ya maziwa na tangawizi, nikamimina kikombe kimoja. Kutoka jikoni hadi barazani kuna kizingiti na kona, na mguu wangu haupendi kizingiti. Nilishika kikombe kwa mikono miwili. Chai ilimwagika kwenye kizingiti, ikamwagika kwenye kona, ikaniunguza kidole gumba. Eliamani alinyanyuka kunipokea. Nikatikisa kichwa, akarudi kukaa, akangoja akiniangalia miguu.

Nilipofika kikombe kilikuwa nusu. Alikipokea, akakitazama, akaanza kulia, kilio kile alichokosa nafasi ya kulia kwenye mazishi. Nikaketi karibu naye. Alikunywa chai yote huku analia, na mimi sikumwambia anyamaze.